Si unakopi tu ile ya wale wengine?

Najua nimekuwa kimya hapa kwa muda mrefu, kazi zimenizungusha. Kwa wale wageni: mimi ni mtengenezaji wa programu, nilisomea sayansi ya kompyuta, na badala ya kuajiriwa mahali pamoja huwa nakaa kwa mteja miezi miwili au mitatu, namtengenezea mfumo, nafundisha watu wake kuutumia, kisha naondoka na kuingia kwa mwingine. Kwenye kadi yangu nimeandika "mshauri". Mama yangu husema bado natafuta kazi.

Kila ninapoingia kwa mteja mpya, kuna swali ambalo lazima liulizwe kabla chai haijapoa. Linakuja hivi: "Wale wengine si umeshawatengenezea? Kwetu si unakopi tu?" Maana yake, bei ishuke. Na si swali la kijinga. Fundi wa viatu akishajua kushona soli, hakulipishi ada ya kujifunza upya. Mbona mimi?

Jibu ninalotoa mezani huwa fupi mno, kwa hivyo leo nataka kulijibu kwa urefu. Isitoshe, mwezi huu swali hilohilo limenijia likiwa limegeuzwa, na safari hii kuna kandarasi inayolitegemea. Nitafika huko.

Nitatumia mfano mmoja tu, kwa sababu ndio umeninunulia unga kwa miaka mitatu: kujua pesa iliyoingia kwa Paybill ni ya nani.

Sote tunajua kulipa kwa Paybill. Unaweka namba ya biashara, unaweka namba ya akaunti, kiasi, PIN, imeenda. M-Pesa ilianza Machi 2007 na siku hizi hata anayeuza maji kwa mkokoteni ana namba yake. Lakini tazama hapo kwenye namba ya akaunti. Mtu anaweza kuandika chochote, na watu huandika chochote kweli. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, ambayo ni njia ya programu yako kuongea na M-Pesa moja kwa moja: malipo yakiingia, seva yako inaambiwa papo hapo kiasi, namba ya muamala, na kile kilichoandikwa kwenye akaunti. Kabla ya hapo mara nyingi ulipakua taarifa ya malipo, ukaifungua kwa Excel, na mtu akaketi nayo mpaka macho yamuume. Wengi bado wanaketi nayo. Daraja inakuletea habari haraka, lakini haikwambii "mkopo wa mama" ni mkopo wa mama yupi.

Mteja wangu wa kwanza wa kazi hii alikuwa Sacco moja katika mji wa Bonde la Ufa. Meneja alinipa meza, akanipa nywila, akanipa orodha ya wanachama. Nilichohitaji hasa hakuwa nacho yeye. Kilikuwa chini ya kaunta, kwa mama mmoja aliyekuwa keshia pale tangu enzi za risiti za kuandikwa kwa mkono.

Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu. Kila malipo ambayo hayakujulikana ni ya nani yalipata mstari wake: tarehe, namba ya muamala, kiasi, neno lile lile lililoandikwa na mlipaji hata kama halina maana, kisha nafasi tupu. Mwenyewe akijitokeza, mama alijaza ile nafasi: ni nani, nani amethibitisha, siku gani. Akigundua kwamba aliandika vibaya, hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu yake ili bado pasomeke, akaandika sahihi pembeni. Nilipomuuliza kwa nini asitumie rangi nyeupe ya kufutia, aliniangalia kama mtoto aliyeuliza kwa nini tusile sabuni.

"Kijana wangu, mkaguzi akija akute nimefuta, atauliza nimeficha nini."

Sasa, jambo lililonifanya nikae na lile daftari siku nne lilikuwa kurasa za mwisho. Huko nyuma alikuwa na orodha ya maneno. "Shamba la juu" ni mwanachama fulani. "Shares" peke yake, ikiwa ni shilingi 1,050 na imeingia tarehe 3 au 4, ni mwalimu fulani. Mtu mwingine huweka namba ya kitambulisho badala ya namba ya uanachama. Mwingine huandika herufi O mahali pa sifuri kila mwezi, bila kukosa. Mama alikuwa ametambua kitu ambacho sikufundishwa darasani: mtu anayekosea hukosea vilevile kila mara. Ukimjua mara moja, umemjua.

Basi programu niliyoandika ilikuwa lile daftari likiwa ndani ya kompyuta. Pesa inapokelewa hata kama haina mwenyewe, inawekwa kapu la kusubiri, mwenyewe akipatikana jina la aliyethibitisha linaandikwa, na lile neno lake la ajabu linakumbukwa mwezi ujao. Hakuna kinachofutwa. Kazi ikaisha, nikalipwa, nikaondoka.

Mteja wa pili alikuwa shule ya kibinafsi, na hapo ndipo lile swali la kukopi liliulizwa mara ya kwanza, na mwenye shule mwenyewe. Nikamwomba wiki moja ya kuketi na mhasibu wake kabla ya kusema bei. Wiki ile ilitosha kuona ni kipi kinahama na ni kipi hakihami.

Kwenye Sacco, namba ya simu ilikuwa msaada mkubwa. Mwanachama hulipa kwa simu yake, na simu imo kwenye orodha. Shuleni simu haikwambii kitu. Karo hulipwa na mjomba aliye Mombasa, na mwajiri wa baba, na chama cha kina mama, na dada mkubwa aliye Doha ambaye hutuma kwa rafiki ambaye ndiye hulipa. (Na kuna la ziada: siku hizi namba ya mlipaji hufika kwenye programu yako ikiwa imefichwa tarakimu za katikati, kwa ajili ya faragha. Kwa hivyo hata ile mbinu ya Sacco ilibidi ibadilishwe kulekule Sacco. Ujuzi unaobeba una tarehe ya kuharibika kama maziwa, ila haijaandikwa kwenye paketi.)

Halafu kuna kugawanya. Pesa moja ya mwanachama wa Sacco hugawanywa kwa sheria iliyoandikwa: riba ya mkopo kwanza, kisha mkopo wenyewe, kinachobaki ni akiba. Hakuna mjadala, mashine inaweza. Shuleni inaingia shilingi 45,000 na mlipaji ameandika "watoto wote". Wako watatu. Kila mmoja ana deni lake. Nani apunguziwe? Mhasibu alikuwa na desturi yake: aliye darasa la mtihani kwanza, asije akarudishwa nyumbani wakati wa mtihani. Lakini hiyo ilikuwa huruma yake tu, haikuandikwa popote, na wapo wazazi waliotaka vingine. Kwa hivyo pale programu haigawanyi kitu. Inamwonyesha mhasibu watoto watatu na namba ya mzazi, inasubiri apige simu. Ningeleta ile sheria ya Sacco ya kujigawanyia, shule ingekuwa na ugomvi langoni wiki ya kwanza ya muhula.

Kilichohama ni kapu la kusubiri, kumbukumbu ya maneno ya ajabu, na ile kanuni ya kutofuta. Msimbo wenyewe, labda robo.

Mteja wa tatu anasambazia maji mitaa fulani pembezoni mwa Nairobi. Ana kisima, matangi na mita kwenye kila nyumba. Hapa hata maana ya neno "akaunti" ilibadilika. Kwenye Sacco akaunti ni mtu. Shuleni akaunti ni mtoto, ingawa mwenye deni ni familia. Kwenye maji akaunti ni ukuta: mpangaji anahama usiku na deni linabaki kwenye mita, anakuja mpangaji mpya anayesema, na kwa haki kabisa, kwamba maji hayo hakuyanywa yeye. Tulitumia siku mbili nzima kukubaliana kwamba kila mpangaji anayeingia apewe namba mpya juu ya mita ileile. Siku mbili za maneno matupu, hakuna mstari mmoja wa msimbo. Mteja alidhani nazembea. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Na kuna kitufe kimoja cha Daraja ambacho nataka mkione vizuri, maana ndicho kinachonisaidia kuelezea jambo hili lote. Ukiomba uwashiwe, M-Pesa inaweza kuuliza seva yako kabla pesa haijachukuliwa: je, hii akaunti mnaijua, nipokee au nikatae? Seva yako ikichelewa kujibu, linafuatwa chaguo uliloliweka mapema, ama ipokelewe ama ikataliwe. Kwenye Sacco tuliamua kupokea kila kitu. Mwanachama yuko kijijini, ni saa tano usiku, siku ya mwisho ya mkopo, mtandao unayumba. Akikataliwa kwa kosa la herufi moja ataanza mwezi na faini, na wadhamini wake watapigiwa simu. Bora pesa iingie, tutamtafuta asubuhi.

Kwenye maji tuliamua kinyume chake. Anayelipia maji yuko mlangoni kwake, mita iko mbele yake, akikataliwa anarudia kwa sekunde ishirini. Ukimpokea kwa namba isiyo yake, unamlipia jirani. Kwa hivyo tulikataa. Tena tuliongeza tarakimu moja mwishoni mwa kila namba, inayokokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, ili namba ikikosewa ijulikane hapohapo. Hiyo si akili yangu. Ni mbinu ya Hans Peter Luhn wa IBM, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1960, na ndiyo hukagua namba ya kadi yako ya benki. Inanasa kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila mara mtu anapogeuza tarakimu mbili zinazofuatana. Inapitwa na 09 ikigeuzwa kuwa 90, basi.

Kitufe kimoja, wateja wawili, majibu yanayopingana, na yote mawili ni sahihi. Anayekuja na jibu la mteja wa jana anaweza kumletea hasara mteja wa leo bila hata kukosea kuandika msimbo. Ninachobeba kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ni swali: mtu huyu akikataliwa, itamgharimu nini? Swali hilo sikulijua kabla ya Sacco. Sasa naliuliza siku ya kwanza, na ndilo linalonifanya nimalize kwa miezi miwili kazi iliyonichukua minne. Mteja anapata punguzo lake hapo, kwenye muda.

Walionitangulia wanalijua jambo hili kuliko mimi. Martin Fowler, Mwingereza, aliandika katikati ya miaka ya 1990 kitabu kiitwacho Analysis Patterns. Sura moja imetokana na kazi ya hospitali za serikali ya Uingereza: namna ya kuweka kwenye kompyuta kile ambacho daktari ameona kwa mgonjwa, nani ameona, lini, na kwamba uchunguzi ulioonekana baadaye kuwa wa makosa haufutwi, unawekwa alama kuwa umekataliwa. Sura inayofuata inachukua wazo hilohilo na kulipeleka kwenye uchanganuzi wa fedha wa kampuni, ambako mgonjwa ni kampuni na homa ni faida iliyoshuka. Niliposoma pale pa kutofuta nilicheka peke yangu. Mama wa kaunta na hospitali za Uingereza wamefika mahali pamoja bila kuonana.

Lakini kuna hadithi nyingine ambayo huwa sichekeshwi nayo. Kampuni ya magari ya Chrysler ilikuwa na mradi wa mfumo mpya wa mishahara, ulioitwa C3. Mwaka 1996 walimleta mshauri, Kent Beck. Namna yeye na wenzake walivyofanya kazi pale, wakiandika msimbo wawili wawili, wakijaribu kila kipande, mtumiaji akiwa chumba kimoja nao, ndiyo iliyokuja kuitwa Extreme Programming, na kitabu chake kikatoka 1999. Mbinu ikazunguka dunia nzima, hata mimi nimefundishwa. Mradi wenyewe ulisimamishwa mwaka 2000, ukiwa unalipa mishahara ya watu kama 10,000 tu kati ya wengi waliokusudiwa. Sisemi kuna aliyedanganya mtu. Nasema tu ujuzi uliondoka kwa mteja ukiwa na afya nzuri kuliko mfumo aliobaki nao.

Hapo ndipo pa kuuliza: unachobeba ni cha nani?

Sheria inajibu sehemu. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Soma tena, hasa wewe unayefanya kazi za mkataba. Mteja anayekuambia "si unakopi tu" anakuambia uchukue mali ya mteja mwenzake umpe kwa bei nafuu. Ndiyo maana kwenye mikataba yangu kuna kifungu kinachosema vipande vya jumla nilivyokuja navyo vinabaki vyangu na mteja ana ruhusa ya kuvitumia daima, na kilichoandikwa kwa ajili ya biashara yake ni chake peke yake. Hakimiliki hulinda kile kilichoandikwa. Wazo la kapu la kusubiri halina mwenyewe, wahasibu wamekuwa nalo kabla babu zetu hawajazaliwa.

Data ndiyo kabisa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo, lakini tembelea meza za watengenezaji programu uone orodha za wateja wa zamani zikitumika kujaribia mifumo ya wateja wapya. Majina halisi, namba za vitambulisho, mikopo. Mimi nilichotoka nacho Sacco ni tabia ya makosa: O badala ya sifuri, jina badala ya namba, nafasi tupu mbele. Nikaandika kijiprogramu kinachobuni wanachama wasiokuwepo na kuwapa makosa hayo. Ni kazi ya siku mbili. Fanyeni.

Sheria haikunijibu lingine. Baada ya kazi ya shule nilirudi Sacco kurekebisha ripoti fulani. Nikamweleza mama wa kaunta, kwa furaha, kwamba daftari lake sasa linafanya kazi shuleni.

"Na hao wa shule wamemlipa nani?"

"Wamenilipa mimi, mama."

"Haya," akasema, akaendelea kuhesabu noti.

Hakukasirika. Lakini ile "haya" nilirudi nayo hadi Nairobi.

Mwaka 1999 Hansen, Nohria na Tierney waliandika katika Harvard Business Review kwamba makampuni ya ushauri huhifadhi ujuzi kwa njia mbili. Wengine, kama Andersen Consulting na Ernst & Young wa wakati ule, waliuweka kwenye hati na hifadhidata ili mshauri yeyote auchukue na kuutumia tena. Wengine, kama McKinsey na Bain, waliuacha kwa watu na kuhakikisha watu wanakutana. Makala hayo yanawahusu zaidi washauri. Hayasemi kitu kuhusu keshia. Ila ile njia ya pili ilinipa wazo.

Kwenye bei ya kazi ya maji niliongeza mstari mmoja: mkufunzi wa kaunta, siku mbili, nauli na malazi. Nilizungumza kwanza na meneja wa Sacco, akakubali achukue siku za likizo kwa sharti kwamba hakuna jina wala takwimu ya mwanachama itakayotajwa. Mama akapanda matatu, akaja na daftari jipya lisilo na kitu ndani.

Vijana wawili wa ofisi ya maji walimngoja kama wanangoja mtihani. Mimi nilikuwa nimeandaa maswali yangu, na la kwanza lilikuwa kuhusu ripoti. Yeye aliuliza: "Watu wakikasirika, nani huwa anapokea simu?" Wote wawili wakamwonyesha msichana wa mapokezi, ambaye hata hakuwa amealikwa. Akaitwa. Ndani ya saa moja tulikuwa na maneno ya ajabu thelathini na kitu, na nyumba zake, na mpangaji gani hulipa kwa jina la mkewe. Nilikuwa nimekaa pale wiki mbili na sikujua msichana yule anajua chochote zaidi ya kupitisha simu. Tangu siku hiyo swali hilo la mama limeingia kwenye yangu, na nimemwambia, na siku zake mbili zililipwa kwa kiwango changu cha siku.

Sasa tufike kwenye kandarasi.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na Sacco nyingine. Iko mji uleule wa Bonde la Ufa, hatua chache kutoka kwa ile ya kwanza, wanagombania walimu walewale na wafanyabiashara walewale. Wameona majirani hawapangi foleni tena tarehe 5. Kazi ni kubwa, kwangu ni kodi ya nyumba ya miezi minane hivi. Tukaketi, chai ikaja. Nilisubiri lile swali la kukopi. Halikuja. Mwenyekiti, mzee mwenye heshima zake, aliuliza:

"Wenzetu wale wanatoza ngapi mkopo wa dharura? Na wanaochelewa kulipa ni wangapi, kwa kukadiria tu?"

Nilivijua vyote viwili. Vya kwanza hata si siri kubwa, ukiingia kama mteja utaambiwa. Cha pili ndicho kinachoumiza. Sacco ikijua ni wangapi wanachelewa kwa jirani yake, inajua ni lini pa kuwavutia wanachama wake.

Nikamwambia, "Mzee, nikikupa ya kwao leo, kesho nikitoka hapa mtalala usingizi?"

Alicheka. Wajumbe wawili hawakucheka. Akasema watanipigia.

Wiki tatu kimya. Wasomaji mnaofanya kazi hizi mnajua wiki tatu ni ndefu kiasi gani. Rafiki yangu mmoja aliniambia ningetoa makadirio ya uongo na maisha yaendelee. Mwingine akasema huko kwetu kwenye teknolojia tunajifanya wachungaji.

Kisha mkataba ukaja kwa barua pepe. Bei haikuguswa. Walikubali hata mstari wa mkufunzi, ingawa nimewaeleza kwamba safari hii mkufunzi hawezi kuwa yule, kwa sababu zilizo wazi, na nitamleta yule msichana wa mapokezi wa maji ikiwa ofisi yake itaridhia. Lakini ukurasa wa sita kuna kifungu kipya: kwa miaka miwili baada ya kazi, nisihudumie Sacco yoyote katika kaunti hiyo, "wala kutumia ujuzi wowote uliopatikana" kwao.

Namwelewa mwenyekiti. Aliona nimekataa kusema ya wengine, akaamini, kisha akakumbuka kwamba binadamu hubadilika, akaita wakili. Sehemu ya kwanza ningeweza kuivumilia kama wangeilipia, ingawa inamaanisha niiache Sacco ya kwanza ikiwa na mfumo usio na wa kuurekebisha, na mama wa kaunta akiwa na namba ya simu isiyopokelewa. Ya pili haitekelezeki hata nikitaka. Nikitoka pale nikiwa nimejifunza kwamba wafanyabiashara wa soko hulipa mara mbili kwa siku na si mara moja kwa mwezi, nitalisahau vipi? Na wao wananiajiri kwa sababu gani, kama si yale niliyoyaona kwa wengine?

Nimekipiga kifungu hicho mstari mmoja, kinasomeka vizuri chini yake, na pembeni nimeandika kingine: nisitoe takwimu, majina, bei wala mipango yao kwa mtu yeyote, bila kikomo cha muda, na faini nikikiuka. Nimetia sahihi pale, nimewarudishia Jumanne. Leo ni Ijumaa na bado hawajajibu.